Sura ya Saba: Mlango Umefunguka au Umefunguliwa?

Wanaojifunza Kijapani wakishavuka salamu na hesabu, kuna swali huanza kuwasumbua. Kamusi inasema *aku* ni kufungua. Inasema pia kwamba *akeru* ni kufungua. Kuna *shimaru* na *shimeru*, vyote kufunga. Kuna *kieru* na *kesu*, vyote kuzima. Halafu kuna *naru*, *kawaru* na *suru*, vitenzi ambavyo vinaonekana kuingia kila mahali. Mwanafunzi anauliza: "Sensei, nitajuaje nitumie kipi?"

Ana haki ya kuuliza, kwa sababu kosa la hapa husikika papo hapo. Ukisema *Doa ga akemashita* ukikusudia kwamba mlango umefunguka, Mjapani atasikia kwamba mlango ndio uliofungua kitu, na atasubiri umalizie ni kitu gani.

Msimamo wa sura hii ni kwamba anayejua Kiswahili tayari analo jibu. Kinachomchelewesha ni njia anayopitishwa. Vitabu vingi vya Kijapani vinavyotufikia Afrika Mashariki vimeelezwa kwa Kiingereza, na Kiingereza hutumia neno lilelile kwa mlango unaofunguka na kwa mtu anayeufungua. Mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam anaiacha tofauti aliyoijua tangu utotoni, anapita katika lugha isiyoionyesha, kisha anatakiwa kuikariri upya kama jambo geni. Tokea Kiswahili uende moja kwa moja hadi Kijapani, na mzigo utapungua sana.

Maswali matatu yatakuongoza:

1. Nani ametenda?
2. Mabadiliko yenyewe ni ya aina gani?
3. Unasimulia tukio, au unaeleza hali iliyobaki?

Kabla hatujaendelea, neno kuhusu maandishi. Kijapani nimekiandika kwa herufi tulizozoea. Mstari juu ya irabu, kama katika *ō*, unaonyesha kwamba irabu hiyo inavutwa. Irabu zenyewe zinatamkwa karibu sawa na zetu.

## Swali la kwanza: nani ametenda?

Ukisafiri kwa treni Japani, kabla ya kuondoka kituoni utasikia tangazo: *Doa ga shimarimasu. Go-chūi kudasai.* Maana yake ni "Milango inajifunga, tafadhali kuweni waangalifu." Kuna mfanyakazi aliyebonyeza kitufe, lakini tangazo halimtaji. Abiria anachotakiwa kujua ni kwamba milango inajifunga. Nani anaifunga si shughuli yake. Kwa hiyo kimetumika *shimaru*, wala si *shimeru*.

Wajapani wana majina mawili kwa vitenzi hivi. *Jidōshi* ni kitenzi cha jambo linalotokea lenyewe: mlango unafunguka, taa inazimika, mtoto anaamka. *Tadōshi* ni kitenzi cha mtu anayekitenda kitu kingine: anafungua mlango, anazima taa, anamwamsha mtoto. Kinachovitenganisha katika sentensi ni kijineno kifupi kinachokuja baada ya nomino. *Ga* huonyesha kinachobadilika au anayetenda. *O* huonyesha kinachotendwa.

- *Doa ga aku*: mlango unafunguka.
- *Doa o akeru*: (mtu) anafungua mlango.

Sasa tazama Kiswahili. Tuna *vunja* na *vunjika*, *mwaga* na *mwagika*, *chana* na *chanika*. Tuna pia *amka* na *amsha*, *kauka* na *kausha*. Mtoto wa miaka minne hachanganyi "maji yamemwagika" na "nimemwaga maji". Anajua vizuri kabisa kwamba sentensi ya kwanza inamwokoa na ya pili inamtia hatarini. Hiyo ndiyo *jidōshi* na *tadōshi*. Kwa hiyo unapoandika msamiati, usiandike "*aku*, *akeru*: kufungua". Andika hivi:

- *aku*, funguka, *akeru*, fungua
- *kieru*, zimika, *kesu*, zima
- *tsuku*, waka, *tsukeru*, washa
- *kowareru*, haribika, *kowasu*, haribu
- *yogoreru*, chafuka, *yogosu*, chafua
- *okiru*, amka; *okosu*, amsha
- *ochiru*, anguka, *otosu*, angusha
- *kawaku*, kauka, *kawakasu*, kausha
- *waku*, chemka, *wakasu*, chemsha
- *mitsukaru*, patikana. *Mitsukeru*, pata kwa kutafuta

Orodha hii, ikiandikwa kwa Kiswahili, haihitaji maelezo ya ziada. Kila neno limejieleza.

### Kutambua kitenzi kwa mwisho wake

Kijapani hakina kanuni moja kama *-ik-* yetu, lakini kina dalili tatu za kutegemewa.

Ya kwanza: kitenzi cha jozi kinachoishia na *-su* karibu kila mara ni cha mtendaji. *Okosu*, *otosu*, *kawakasu*, *wakasu*: soma orodha ya juu uone jinsi *-su* ya Kijapani inavyokaa mahali palepale pa *-sha* yetu katika amsha, angusha, kausha, chemsha. Lugha hizi hazina undugu wowote. Sauti zimefanana kwa bahati tu, lakini ni bahati inayosaidia kukumbuka, basi itumie.

Ya pili: mmoja akiishia na *-aru* na mwenzake na *-eru*, wa *-aru* ndiye anayejitokea. *Shimaru* na *shimeru* (fungika, funga), *hajimaru* na *hajimeru* (anza kwenyewe, anzisha), *tomaru* na *tomeru* (simama, simamisha), *atsumaru* na *atsumeru* (kusanyika, kusanya), *kawaru* na *kaeru* (badilika, badilisha).

Ya tatu inataka uangalifu. Kuna jozi ambazo mmoja ni mfupi na mwingine ana *-eru*, na hapo *-eru* yaweza kuwa upande wowote. *Aku* ni funguka na *akeru* ni fungua. Lakini *oru* ni vunja na *oreru* ni vunjika. Msaada upo: vitenzi vingi vya kukata, kuvunja, kuchana, kuchoma na kupika vinafuata njia ya *oru*. *Kiru* ni kata, *kireru* ni katika. *Waru* ni pasua, *wareru* ni pasuka. *Yaku* ni choma, *yakeru* ni kuungua au kuiva motoni.

### Unapokuwa wewe ndiye uliyetenda

Umealikwa nyumbani kwa mwenyeji wako Mjapani na glasi imekuponyoka. *Koppu ga waremashita*, "glasi imevunjika", ni sentensi isiyo na kosa la sarufi. Lakini ikitoka kinywani mwa aliyeiangusha, inasikika kama kukwepa. Kinachosemwa ni *Sumimasen, koppu o watte shimaimashita*: "Samahani, nimevunja glasi." Hiyo *-te shimau* inaongeza kwamba jambo limeshatokea na unalijutia. Malezi yetu yanadai vivyo hivyo. Mtoto akisema "Mama, glasi imevunjika," mama humuuliza, "Imevunjika yenyewe?"

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo lugha hizi mbili zinaachana, na hapa ndipo Kiswahili kitakupoteza ukikifuata bila kuangalia. Sisi husema "nimevunjika mguu". Mjapani husema *Ashi o orimashita*, "nimevunja mguu", ingawa hakutaka. Sisi husema tumbo limeharibika. Yeye husema *Onaka o kowashimashita*, "nimeharibu tumbo". Pochi ikimwanguka njiani husema *Saifu o otoshimashita*, "nimeangusha pochi". Jambo likimpata mtu mwilini mwake au katika kitu chake, Kijapani mara nyingi humfanya yeye kuwa mtendaji, bila kumlaumu. Sentensi hizi tatu zikariri kama zilivyo.

Kwa ufupi: kisichotaja mtendaji ni *ga* na *jidōshi*, chenye mtendaji ni *o* na *tadōshi*. Tafsiri kila jozi kwa Kiswahili, ukitumia *-ika*, *-uka* na *-sha*.

## Swali la pili: mabadiliko ni ya aina gani?

Ukishajua nani ametenda, uliza kitu kimebadilika vipi. Njia ni tatu: kimekuwa na sifa mpya, kimegeuka kutoka kilivyokuwa, au kimepatwa na badiliko lenye kitenzi chake maalumu.

### *Naru*: kufikia hali mpya

Kiswahili kinatumia *kuwa* kwa kazi mbili. "Juma ni daktari" na "Juma amekuwa daktari" zinatoka nyumba moja. Kijapani kinatenganisha. Kuwa tayari ni *desu*. Kufikia kuwa ni *naru*. Ndiyo maana mwanafunzi anayetaka kusema "nataka kuwa mwalimu" hukwama akitafuta namna ya kuigeuza *desu*. Jibu ni *Sensei ni naritai desu*. Hujawa mwalimu bado, unataka kufikia.

*Naru* huungana na neno lililotangulia kwa namna nne:

- Sifa zinazoishia na *-i* hubadilisha *-i* kuwa *-ku*: *samui* (baridi), *samuku naru* (kuingia baridi). *Ii* (nzuri) ndiyo ya pekee: *yoku naru*.
- Sifa nyingine na nomino huchukua *ni*: *genki ni naru* (kupata nafuu, kuchangamka), *isha ni naru* (kuwa daktari), *jū-ji ni naru* (kufika saa nne kwa saa zetu).
- Vitenzi huchukua *yō ni*: *Nihongo ga hanaseru yō ni narimashita*, "sasa nimeweza kuzungumza Kijapani", jambo ambalo zamani sikuliweza.
- Ukanushi hutumia *-naku*: *niku o tabenaku narimashita*, "ameacha kula nyama".

Anapokuwepo mtu anayesababisha, *naru* humpisha *suru*, yaani kufanya, na *ga* humpisha *o*. *Heya ga akaruku naru*: chumba kinapata mwanga. *Heya o akaruku suru*: mtu anakitia mwanga. Ni lile swali letu la kwanza limerudi kwa sura nyingine.

Mwaka 1981 mwanaisimu Yoshihiko Ikegami alichapisha kitabu kizima kilichojengwa juu ya vitenzi hivi viwili, akieleza kwamba kuna lugha zinazopenda kumweka mtendaji mbele na nyingine, Kijapani ikiwemo, zinazopenda kueleza jambo kama lililotokea lenyewe. Ushahidi umejaa katika maisha ya kila siku. Wachumba walioamua wenyewe kuoana hutangaza *Kekkon suru koto ni narimashita*: "imekuwa kwamba tutafunga ndoa". Aliyekutengenezea chai husema *Ocha ga hairimashita*, "chai imeingia", na hasemi "nimekutengenezea". Kujiondoa namna hii ni adabu. Mgeni anayesikia *naru* kila kona asidhani kwamba watu wanaficha kitu.

### *Kawaru*: kuacha kilivyokuwa

*Naru* inatazama mwisho wa safari. Lazima utaje kitu kimekuwa nini. *Kawaru* inatazama tofauti, kwa hiyo inaweza kusimama bila kutaja mwisho. *Iro ga kawarimashita*, "rangi imebadilika", ni sentensi kamili. *Iro ga narimashita* haisemeki, kwa sababu msikilizaji atauliza: imekuwa nini?

Hapo ndipo penye kipimo rahisi. Kama Kiswahili chako kinaweza kuishia kwenye "imebadilika", tumia *kawaru*: anwani imebadilika, *Jūsho ga kawarimashita*. Kama lazima useme "imekuwa fulani", tumia *naru*. Mahali ambapo vyote viwili vinafaa ni pale mwanzo unapojulikana na mwisho unatajwa. Taa ya barabarani inapotoka kwenye nyekundu na kuruhusu magari, utasikia *ao ni kawaru* na *ao ni naru* pia. *Ao* ni buluu. Ndivyo Wajapani wanavyoiita taa tunayoiita ya kijani.

### Vitenzi vyenye mabadiliko ndani yake

Kosa la anayeipenda *naru* kupita kiasi ni kuitumia mahali ambapo kitenzi kimoja kinatosha. Kiswahili hakisemi "amekuwa mnene" tu, kina *nenepa*. Kina *konda*, *choka*, *kasirika*, *zoea*, *lowa*, *pona*. Kijapani nacho kina *futoru*, *yaseru*, *tsukareru*, *okoru*, *nareru*, *nureru*, *naoru*, kwa mfuatano huohuo. Kanuni ni nyepesi: ikiwa Kiswahili kina kitenzi kamili cha badiliko hilo, kitafute kwanza cha Kijapani. Usipokipata, ndipo uende kwenye *naru*.

Utajiri upo zaidi katika kuharibika kwa vitu. Hapa mwanafunzi anayetegemea Kiingereza huteseka, maana neno moja la kule hubeba kazi kadhaa za huku. Anayetegemea Kiswahili anatembea karibu bega kwa bega na Kijapani:

- Fimbo au mfupa unavunjika: *oreru*.
- Sahani, kioo au yai linapasuka: *wareru*.
- Nguo au karatasi inachanika: *yabureru*.
- Kamba inakatika: *kireru*.
- Nyanya inapondeka: *tsubureru*.
- Ukuta au kilima kinaporomoka: *kuzureru*.
- Gari, redio au saa inaharibika: *kowareru*.

Hata simu ikikatika katikati ya mazungumzo, Mjapani hutumia kitenzi kilekile cha kamba: *Denwa ga kiremashita*. Lakini usivuke mpaka. Umeme ukikatika mtaa mzima hutumii *kireru*. Hiyo huitwa *teiden*, na husemwa *Teiden ni narimashita*. Tena maziwa yakiharibika si *kowareru*, ambayo ni ya vyombo na mitambo. Kinachooza ni *kusaru*. Mjapani akikusikia ukisema *gyūnyū ga kowareta*, atakuwa na picha ya maziwa yaliyokuwa na vipuri.

### Baridi ya hewa, ya chai na ya soda

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapa maswali mawili ya kwanza hukutana.

Hewa ikiingia baridi, *samuku naru*. Kitu unachokigusa kikiwa baridi, kama mikono asubuhi ya Juni kule Njombe, ni *tsumetaku naru*, kwani *samui* ni baridi ya hewa na *tsumetai* ni baridi ya mguso. Chai iliyokuwa ya moto ikipoa, *sameru*. Soda iliyowekwa kwenye friji ikapata baridi barabara, *hieru*.

Kupoa kwa chai na kupata baridi kwa soda vina mwelekeo mmoja, lakini thamani yake ni tofauti. Chai kwa kawaida inapungukiwa na moto uliokuwa unatakiwa. Soda inapata baridi inayotakiwa. Kiswahili kinaisikia tofauti hiyo: chai *imepoa*, soda *imepata baridi*. Akiwepo mtendaji, *-su* inarudi kazini: *samasu* ni kupoza, kama mama anavyoupoza uji wa mtoto, na *hiyasu* ni kutia ubaridi.

### Mchele, wali na maji ya moto

Kijapani hutaja mara nyingi kile kitakachopatikana, badala ya kile ulichoanza nacho. Maji ya baridi ni *mizu*. Maji ya moto ni *yu*, na kwa adabu *o-yu*. Ukiweka birika jikoni husemwa *O-yu o wakasu*, yaani unachemsha maji ambayo tayari yameitwa ya moto. Kwa mwenye Kiswahili hili halishangazi. Sisi huchukua mchele, tukauosha, tukautia sufuriani, kisha tukasema tunapika wali. Na Wajapani, walao wali kila siku, wana mgawanyo kama wetu: mpunga shambani ni *ine*, mchele ni *kome*, wali ni *gohan*. *Gohan o taku* ni kupika wali. *Gohan ga takemashita* ni kwamba wali umeiva.

Kwa ufupi: tafuta kwanza kitenzi maalumu cha badiliko hilo. Kama hakipo na unataja hali iliyofikiwa, *naru*. Kama unasema tu kwamba mambo si kama yalivyokuwa, *kawaru*.

## Swali la tatu: tukio au hali iliyobaki?

Katika *Minna no Nihongo*, kitabu kinachotumiwa na wanaoanza katika nchi nyingi, *naru* hufundishwa somo la 19, na sentensi kama *Mado ga aite imasu* husubiri hadi somo la 29. Umbali huo huwafanya wengi wasione kwamba ni habari moja. Tena kufikia hapo wameshafundishwa kwamba *-te iru* ni sawa na *-na-*: *tabete iru*, anakula, *yonde iru*, anasoma. Kisha wanakutana na *shinde iru* na kuitafsiri "anakufa".

Hapana. *Shinde iru* ni "amekufa".

Kanuni ni hii. Kitenzi cha shughuli inayoendelea, kama kula, kusoma na kutembea, kikipata *-te iru* huwa ni *-na-*. Kitenzi cha mabadiliko kikipata *-te iru* kwa kawaida huwa ni *-me-*, kwa maana badiliko limeshapita na hali yake imebaki. Tazama jinsi *-me-* yetu inavyofanya kazi hiyohiyo:

- *Suwatte iru*: amekaa.
- *Tatte iru*: amesimama.
- *Kite iru*: amevaa.
- *Kekkon shite iru*: ameoa, ameolewa.
- *Futotte iru*: amenenepa, ni mnene.
- *Yotte iru*: amelewa.
- *Aite iru*: kimefunguka, kiko wazi.
- *Ochite iru*: kimeanguka, kiko chini.

Mbili zinazoponza wengi ni kwenda na kuja. *Chichi wa Monbasa ni itte imasu* maana yake ni "Baba amekwenda Mombasa", hayupo nyumbani. Si "anakwenda". Vivyo hivyo *Kyaku ga kite imasu* (hapa *kite* ni ya kuja, si ya kuvaa) ni "mgeni amekuja", yupo sebuleni.

Ukanushi wake nao unalingana na wetu. Madereva wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala waliochukua magari yaliyotumika Japani wanausikia kila wanapowasha gari: sauti inayosema *ETC kādo ga sōnyū sarete imasen*. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za kasi za Japani bila kusimama, na kifaa chake kinadai kadi. *Sōnyū sareru* ni kuchomekwa, na *-te imasen* inakanusha hali. Sauti inasema: "Kadi ya ETC haijachomekwa." Hiyo *haija-* ndiyo *-te imasen*. Ndiyo maana "sijala bado" ni *Mada tabete imasen*, na ukisema *Mada tabemasen deshita* utakuwa umekosea.

### *-Me-* inapokwenda kwenye *-ta*

*-Me-* ya Kiswahili hubeba pia habari mpya, na hapo Kijapani hutumia *-ta* au umbo lake la adabu *-mashita*. Ukiona taa inazimika mbele ya macho yako, *Denki ga kiemashita*. Ukiingia chumbani ukakuta giza, *Denki ga kiete imasu*. Kiswahili kinaweza kusema "taa imezimika" kwa zote mbili, kwa hiyo lazima ujiulize: nimeliona tukio, au nimekuta hali?

Mambo ya mwilini au akilini yanayokujia sasa hivi huenda na *-mashita*. "Nimechoka" ni *Tsukaremashita*; "nimeelewa" ni *Wakarimashita*. Njaa nayo ni badiliko: *Onaka ga sukimashita*, tumbo limekuwa tupu. Kiu ni *Nodo ga kawakimashita*, koo limekauka. Anayetafuta neno la "nina" katika sentensi hizi hatalipata.

### Kilichoachwa hivyo kwa makusudi

Kuna hatua moja zaidi. *Mado ga aite iru* inasema dirisha liko wazi, basi. *Mado ga akete aru* inasema kuna mtu aliyelifungua kwa sababu fulani, labda hewa iingie, na limeachwa hivyo. Umbo hili, *-te aru*, huchukua *tadōshi*, kwa kuwa mtendaji yumo ingawa hatajwi. Soda ikiwa baridi tu, *hiete iru*. Ikiwa imewekwa kwenye friji kwa ajili ya wageni wa jioni, *hiyashite aru*. Kiswahili hapa hutumia kauli ya kutendwa: dirisha *limefunguliwa*, soda *imewekwa* friji. Anayetafsiri "limefunguliwa" kwa *akerareta* ataeleweka, lakini sikio la Mjapani lilitarajia *akete aru*.

### Tahadhari: *-ika* ina kazi mbili

Kauli ya kutendeka katika Kiswahili husema jambo limetokea, na pia husema jambo linawezekana. "Barua imechanika" ni tukio. "Barua inasomeka" ni uwezekano. Kijapani hutenganisha. Uwezekano una umbo lake: *yomeru*, kusomeka, *taberareru*, kulika, *tōreru*, kupitika kwa njia. Hata hivyo *jidōshi* ikikanushwa hubeba maana ya kushindikana, sawasawa na kwetu. *Kono mado wa akimasen*: "dirisha hili halifunguki", hata ukilisukuma.

Kwa ufupi: hali iliyobaki ni *-te iru*, habari mpya ni *-ta*, iliyoachwa kwa makusudi ni *-te aru*, haijatokea bado ni *-te imasen*.

## Jaribu mwenyewe

Funika majibu, uyapitie maswali matatu kwa kila sentensi.

1. Gari langu limeharibika.
2. Maziwa haya yameharibika.
3. Nimemwamsha mtoto.
4. Mtoto ameamka, yuko macho.
5. Bei ya mchele imepanda.
6. Ufunguo umepatikana.

Majibu:

1. *Kuruma ga kowaremashita.*
2. *Kono gyūnyū wa kusatte imasu.*
3. *Kodomo o okoshimashita.*
4. *Kodomo wa okite imasu.*
5. *Kome no nedan ga agarimashita.* Unaweza pia kusema *takaku narimashita*: ya kwanza inatumia kitenzi maalumu cha kupanda, ya pili inataja hali iliyofikiwa.
6. *Kagi ga mitsukarimashita.*

Anayejiandaa kwa JLPT, mtihani wa kupima umahiri wa Kijapani, ambao hufanyika pia Nairobi na una ngazi tano kuanzia N5 hadi N1, hatazikwepa jozi hizi afikapo N4. Mwenye daftari la Kiswahili atakuwa amepunguza kazi. Kila jozi iandike mstari mmoja, *ga* upande wa *-ika* na *o* upande wa *-sha*, kisha utunge sentensi ya kitu ulichokiona siku hiyo nyumbani au kazini. Ukikwama, usiulize kwanza Kiingereza kinasemaje. Iseme habari yako kwa Kiswahili kilichonyooka, sikiliza ni *-ika*, *-sha*, *-me-* au *haija-*, ndipo uchague kitenzi cha Kijapani.